Hilaria: Wembe ule haunigusi mara ya pili

Jembe linaingia chini ya nyasi na kutoka na bonge la udongo lenye mizizi. Hilaria analigeuza kwa mguu ili nyasi zitazame chini, kisha analisukuma liegemee mabonge mengine aliyoyapanga duara. Anarudi nyuma kidogo, anakata jingine. Ukungu bado haujaachia mabonde ya Pito, na mji wa Sumbawanga ng'ambo unaonekana kwa mabati machache tu.

"Wifi!" Sauti inatoka njiani. "Wifi, nilikwambia nini kuhusu shamba hili?"

Hilaria hainui kichwa. "Uliniambia nisikanyage."

"Na sasa unafanya nini?"

"Nakanyaga."

Mwanamke aliyesimama njiani akiwa na mtoto mgongoni ni Coleta, mke wa Beda. Beda ni mdogo wake Hilaria, wa baba mmoja na mama mmoja. Shamba ni la marehemu baba yao, limegawanywa kwa mstari wa mawe. Upande wa chini ni wa Hilaria na kazi yake imekwisha. Upande wa juu ni wa Beda, na mpaka leo asubuhi hakukuwa na jembe lililoingia humo.

"Utatufukia na sisi humo humo!" Coleta anapaza sauti.

"Wewe ni mrefu, wifi. Utahitaji intumba mbili."

Coleta anasonya, anamrekebisha mtoto mgongoni na kuondoka. Hilaria anacheka peke yake, cheko fupi, halafu anatemea mate viganja na kuendelea.

Intumba ni vichuguu vya udongo na majani ambavyo wakulima wa Ufipa huvijenga mvua zikielekea mwisho, nyasi zikiwa ndefu na ardhi ikiwa bado laini. Majani hufukiwa ndani yaoze, maharage hupandwa juu. Mvua mpya zikianza, vichuguu huvunjwa, udongo ulioiva husambazwa, na ulezi hupandwa hapo. Anayechelewa hukuta ardhi imekauka. Asiye na intumba Machi hana ulezi mwaka unaofuata.

Hilaria ana miaka 46, ni mjane, na hii ndiyo kazi anayoifahamu. Hulima intumba zake na hulima za watu kwa kibarua. Msimu uliopita aliitwa na wenye mashamba watatu. Msimu huu ameitwa na mmoja, naye humlipa kwa unga.

"Wale wawili hawakunifukuza," anasema. "Walisema tu wamepata watu wengine. Lakini majembe yao yako ukutani, nayaona nikipita."

Sababu anaijua. Kwamba alimtupia mdogo wake ugonjwa kwa uchawi ndiyo habari iliyozagaa Pito na kufika mpaka Kaengesa kwa shemeji zake.

Habari yenyewe ilianzia kwenye tendo la wema. Julai mwaka jana, Coleta alijifungua mtoto wa nne akapoteza damu nyingi. Ndugu waliombwa kuchangia. Hilaria na Beda walikuwa wa kwanza kukunja mikono ya mashati. Damu ya majirani ilitumika na Coleta akapona. Damu ya ndugu hawa wawili haikutumika. Waliitwa baadaye, kila mmoja peke yake, wakaambiwa kwamba vipimo vimeonyesha dalili za homa ya ini aina ya C.

"Nilijua nimekufa," Hilaria anasema. "Nilirudi nyumbani nikaanza kugawa vyungu vyangu."

Wa kumzuia asimalize kugawa vyungu alikuwa Adolfu, tabibu wa zahanati moja pembezoni mwa mji. Aliwaeleza ndugu hao kwamba kipimo cha kwanza hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana nacho. Alama hubaki hata kama kirusi kimekwisha kuondoka. Kwa hiyo kinahitajika kipimo cha pili, cha kutafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Sampuli zilipelekwa Mbeya.

Majibu yalirudi Oktoba. Damu ya Hilaria haikuwa na kirusi hata kimoja. Damu ya Beda ilikuwa navyo kwa wingi, na ini lake lilikuwa limeanza kupata makovu.

Beda ana miaka 42. Mpaka miaka mitatu iliyopita alikuwa akibeba magunia sokoni. Siku hizi akitoka nyumbani mpaka kisimani anakaa njiani kupumzika. Coleta na watoto walipimwa pia, hawana chochote.

Ndipo ndugu walipoanza kurudi nyuma kwa kumbukumbu, na wote wakafika mahali pamoja.

Hilaria alikuwa na miaka tisa hivi, Beda mitano. Katika ukoo wao, baada ya mavuno, watoto hukusanywa kuchanjwa chale za kinga. Mganga huchanja mtoto wa kwanza, hupaka dawa nyeusi, kisha huhamia kwa anayefuata, mkubwa mpaka mdogo. Wembe huwa mmoja. Hata wembe mwingine ukiwepo hautumiwi, maana kinachotakiwa ni damu ya ukoo ikutane na isitenganishwe tena.

Hilaria anafunua mkono wa kushoto. Chini ya bega kuna mistari miwili mifupi, imefifia. "Beda anayo kama hii. Mimi nililia, yeye hakulia. Walimpa kipande cha kuku."

Adolfu hakubali moja kwa moja kwamba ni wembe huo. "Huenda. Lakini miaka ile hata sindano zilichemshwa na kutumika tena, na wote wawili walichomwa za malaria mara nyingi. Wembe ni mtuhumiwa mmoja. Siwezi kuapa."

Ukoo uliapa. Na kama wembe ulikuwa mmoja na siku moja, swali lililofuata lilikuwa jepesi: mbona mmoja amepona?

Leonsi, baba mdogo wa Hilaria na ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa, halioni swali hilo kuwa la aibu. Anaongea polepole, mikono juu ya magoti.

"Mimi simchukii. Ni binti wa kaka yangu. Lakini nieleze. Watoto wawili, tumbo moja, wembe mmoja. Mmoja anachoka hata kufunga kamba za viatu. Mwingine analima kama fahali, na hajameza hata kidonge kimoja. Mtu mzima asiulize?"

Adolfu anakubali kwamba swali ni zuri. Anasema hata wataalamu wakubwa wameliuliza kwa miaka mingi, na mpaka leo hawajalimaliza lote.

Wanachojua ni hiki. Kirusi kikiingia hukimbilia ini. Katika kila watu wanne, karibu mmoja huweza kukiondoa mwenyewe, pengine ndani ya miezi sita, mara nyingi bila kujua aliugua. Kwa watu hao, chembe nyeupe, askari wa mwili, hufika mapema na kwa wingi. Hukishambulia kirusi kila upande kwa wakati mmoja, kikibadili sura huku, hukikamata kule. Na hawaondoki mpaka kazi imalizike.

Kwa wengine, askari huchelewa au huja wachache na kushambulia upande mmoja tu. Kirusi kinapata nafasi ya kubadili vazi. Askari wanaendelea kulitafuta vazi la zamani. Miaka inapita, na wale waliokuwa na nguvu wanachoka. Wapo, lakini hawapigani tena. Ndipo ugonjwa unakuwa sugu.

"Kuna kitu cha kurithi ndani yake," Adolfu anasema, "na watoto wa tumbo moja hawarithi sawasawa. Wanawake nao hukiondoa zaidi kidogo kuliko wanaume. Mengine ni bahati. Sina neno zuri zaidi."

Hilaria alipoelezwa hayo, alitafuta mfano kwenye kitu alichokizoea. Alimwambia Adolfu kwamba ni kama sangare, ile nyasi sugu ya shambani. Ukiifukia mapema kwenye intumba, ukaigeuza kichwa chini na kuifunika yote, inaoza. Ukiifukia nusu, au ukaacha mzizi mmoja nje, inapenya na kuota mpaka kileleni, na mwaka unaofuata shamba lote ni lake.

"Mfano mzuri," Adolfu anakumbuka kumjibu, "ila una tundu. Kwenye intumba wewe ndiye unayeamua kufukia vizuri au vibaya. Ndani ya mwili wako hukuamua chochote. Na Beda hakuamua chochote."

Maneno hayo Hilaria anayarudia mara nyingi akiwa kazini. Hukuamua chochote. Anasema ndiyo yaliyomfanya aache kuona haya kwa kupona.

Mkutano wa ukoo uliitwa Januari, nyumbani kwa Leonsi. Hilaria alijua utakavyokwenda, maana jirani yake, Rosina, alikuwa amemnong'oneza. Mganga angekuwepo. Angemchanja Beda, kisha kwa wembe uleule angemchanja Hilaria, na ugonjwa ungerudi kugawanyika kama ulivyokuwa mwanzo. Mwenye hatia angeanguka. Asiye na hatia asingedhurika.

Kabla ya kwenda alipita zahanati akauliza swali moja. Kwa kuwa mwili wake ulikishinda kirusi, je, unakijua sasa? Hauwezi kudhurika tena?

"Nilimwambia ukweli," Adolfu anasema. "Zile alama zilizobaki si ukuta. Akiingiziwa kirusi tena anaweza kuambukizwa tena. Wengine mwili hushinda mara ya pili, wengine haushindi. Damu ya Beda ina kirusi hai. Wembe unaotoka kwake kwenda kwa Hilaria ni njia ya moja kwa moja."

Mkutanoni watu walijaa mpaka ukumbini. Leonsi alieleza kusudi. Hilaria anaigiza sauti yake nzito: "Kama hukumtupia, unaogopa nini? Si unasema umeushinda?"

Hilaria alifungua pindo la kanga, akatoa pakiti ya nyembe mpya, akaiweka chini mbele ya mganga.

"Shikamoo, baba. Kila mtu wembe wake. Kama dawa ni dawa, itafanya kazi."

Mganga aliitazama pakiti. Hakukasirika. Wateja wake wengine huwachanja kwa nyembe mpya siku hizi, kila mtu na wake, tangu waganga walipoitwa kwenye semina. Lakini dawa hii, alisema, ni ya kuunganisha damu, na kwa nyembe mbili haitakuwa dawa ile. Alisema hawezi kuwadanganya.

"Basi wembe huo haunigusi mara ya pili," Hilaria alisema.

"Umejihukumu!" Coleta alipiga kelele.

"Nimekataa, wifi. Kukataa si kuhukumiwa."

Kelele zilipanda. Mtu mmoja alisema afukuzwe shambani. Mwingine alisema tangu utotoni alikuwa mbishi, hata komunyo ya kwanza alichelewa kwa ubishi. Hilaria alisubiri wachoke. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekaa kwenye mkeka akiegemea ukuta.

"Beda. Wembe ukitoka kwako ukaja kwangu, hapo nani anamtupia mwenzake?"

Beda alinyanyuka akishika ukuta, akavaa kandambili zake, akaenda nyumbani. Bila yeye hakukuwa na wa kuchanjwa kwanza. Mganga alifunga mkoba, na pombe iliyoandaliwa ikanywewa hivyohivyo.

Tangu siku hiyo dada na kaka hawakuzungumza. Na dawa ya hospitali, ya kuua kirusi, ilikuwa imekwisha kupatikana. Hilaria aliuza nguruwe wake wote, Adolfu akaagiza kutoka Mbeya, na chupa ya mwezi wa kwanza ikawekwa kwenye kabati la zahanati. Matibabu ni kidonge kimoja kila siku kwa wiki kumi na mbili, na kwa walio wengi kirusi huisha kabisa. Beda alitumiwa ujumbe zaidi ya mara moja. Jibu lake kupitia watoto lilikuwa lilelile: dada alipona bila kidonge, na yeye atapona bila kidonge.

"Ini lake bado halijasinyaa," Adolfu anasema. "Lakini makovu hayasubiri mkutano wa ukoo."

Ndiyo maana leo Hilaria yuko upande wa juu wa mstari wa mawe. Anasema ameshindwa kumfanya mdogo wake ameze dawa, lakini hatashindwa kumlimia. Na kama watu wanasema ameingia kwenye shamba la Beda kuzika uchawi, waje wachimbue. "Watakuta nyasi. Wanisaidie na kufukia tena."

Jua limepanda na ukungu umeondoka kabisa Beda anapotokea njiani. Anatembea taratibu, jembe begani, amevaa koti zito kama vile ni Juni. Anasimama kwenye mstari wa mawe na kutazama safu ya intumba.

"Mstari wako umepinda, dada."

Hilaria anainuka, mkono kiunoni. Ni maneno ya kwanza tangu Januari.

"Umepinda kwa sababu ya lile jiwe la baba. Ulilikuta hapo, na wewe hukuling'oa."

"Ningeling'oa."

"Ulikuwa unalikalia ukila mahindi."

Beda anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Anashusha jembe na kuanza kukata. Anaujua mwendo, bonge linageuka bila kuvunjika, lakini pumzi inasikika mbali. Anajenga intumba moja, anajenga ya pili. Ya tatu anaipanga duara, anaacha katikati wazi, na kukaa juu ya jiwe la baba yake.

Hilaria hamwambii apumzike. Anaendelea na safu yake mpaka anafika karibu naye.

"Ile chupa bado iko kwa Adolfu?" Beda anauliza.

"Iko kabatini."

"Uliuza nguruwe wote?"

"Wote."

"Hata yule mweusi?"

"Hata yule."

"Alikuwa mnene kuliko baba mdogo, yule."

Wanacheka wote wawili, na kicheko kinamkatisha Beda pumzi. Inapomrudia anauliza jambo ambalo, kwa jinsi anavyolitoa, amekaa nalo muda mrefu.

"Dada, niambie ukweli. Hukusikia kitu? Homa, macho ya njano, chochote?"

"Beda, tulikuwa watoto. Labda mwili wangu ulipigana huku mimi nacheza. Sikuwa na habari."

"Na mimi nacheza na wewe."

"Na wewe unacheza na mimi."

Beda anachimba udongo kwa kidole cha mguu. "Kwa hiyo si kwamba mimi ni dhaifu."

Hapo ndipo linaposikika lililokuwa chini ya miezi yote ile ya kimya. Kurogwa kulikuwa rahisi kukubali. Kwamba mwili wake mwenyewe ulishindwa pale ambapo mwili wa dada yake uliweza, hilo mwanamume aliyekuwa anabeba magunia hakulitaka.

Hilaria anasimamisha jembe. Sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza leo.

"Dhaifu? Umetembea na kitu hicho zaidi ya miaka thelathini. Umebeba magunia nacho, umeoa nacho, umejenga nyumba nacho. Mimi nilikibeba miezi tu, tena sikujua. Nani dhaifu hapo? Aniambie mtu!"

Hakuna mtu wa kumwambia. Kuna wao wawili na kunguru kwenye mawe.

"Usipige kelele," Beda anasema. "Coleta atasikia."

"Asikie."

Beda anacheka tena, safari hii kwa uangalifu. Kisha, akitazama mji na si dada yake: "Kesho nitapita zahanati."

"Kesho? Na hizi nani atamaliza?"

"Si wewe? Nimeambiwa unakanyaga tu."

Kutoka nyumbani Coleta anaita jina la mumewe, mara mbili. La Hilaria haliiti. Beda anainuka akijisukuma kwa mikono miwili, anaacha jembe lake limesimama kwenye udongo kando ya duara lililo wazi, na kupanda njia polepole. Hilaria anamfuata kwa macho mpaka koti linapotelea nyuma ya mihindi.

Hadanganyiki kwamba mambo yamekwisha. Leonsi bado anaamini anachoamini. Majembe ya wale wenye mashamba wawili bado yako ukutani. Na Beda amesema kesho, ambayo ni neno jepesi mdomoni kwa mtu yeyote.

Lakini Hilaria ana mpango, na anausema wazi ili ukimfikia Leonsi umfikie kamili. Baada ya mavuno, watoto wa ukoo watakusanywa tena kuchanjwa, na yule mtoto wa mgongoni kwa Coleta, aliyezaliwa damu ikitafutwa, atakuwa miongoni mwao. Hilaria atakuwepo.

"Sitakwenda kuzuia mila ya watu. Nitakwenda na nyembe zangu, nitakaa mbele kabisa. Kila mtoto na wake. Anayetaka kumchanja mtoto wa Beda kwa wembe uliotoka kwa mwingine, aanze na mimi kuniondoa pale. Nina kilo sabini na mbili. Waje wengi."

Mawingu yanakusanyika upande wa milima ya Mbizi, na matone ya kwanza yanaanguka juu ya udongo mweusi. Safu haijafika hata nusu ya shamba. Hilaria anaitazama intumba ya tatu ya mdogo wake, nyasi zake zikiwa bado nje, mizizi ikielekea juu. Anaweza kuifunika kwa mapigo manne au matano ya jembe, lakini anaiacha hivyohivyo, mwenyewe aje kuimaliza. Jembe la Beda nalo analiacha mahali lilipo.

Analiweka lake begani. "Kesho mapema," anasema. "Kabla wifi hajaamka."